Bibi alimwambia mwanangu, "Hii ni siri yetu"

BARUA

Mshauri, salamu.

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta, kwa sababu kila nikiisoma namwona mkamwana mkorofi. Labda ndivyo nilivyo. Nitasema yote, hata yale yanayoniaibisha.

Upande wa mume wangu wana mazoea yao. Jumapili ya mwisho wa mwezi tunakula nje, watu wanane, na si popote bali mgahawa uleule wa Kiitaliano. Ni ile migahawa yenye matawi mengi, ukiingia huku au kule menyu ni moja na hata picha za ukutani ni zilezile. Aliyeanzisha ni baba mkwe, ambaye alifariki miaka miwili iliyopita. Tangu hapo mama mkwe ndiye anayepiga simu kuweka meza, na lazima iwe ya dirishani. Anaagiza lasanya, anaikata katikati kwa kisu, anakula nusu na nusu anaisogeza ukingoni mwa sahani, maana zamani mzee ndiye aliyeimalizia. Mhudumu aliyetuzoea haondoi ile sahani mpaka tusimame.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 9. Mwaka jana alianza kukonda, tumbo likawa halitulii, nguo za mwaka juzi zikawa bado zinamtosha. Tulihangaika sana kabla ya mtu kutuambia apimwe damu. Baadaye akaingizwa kamera mpaka kwenye utumbo, tukaambiwa ana siliaki: asile ngano, shayiri wala nafaka iitwayo rai maisha yake yote, kwa sababu ya gluteni, protini iliyomo ndani yake. Nikabadilisha jiko zima, kuanzia ubao wa kukatia hadi chujio. Miezi sita baadaye alikuwa mtoto mwingine. Akaanza hata kugombana na mdogo wake, jambo nililolishukuru kimoyomoyo.

Mama mkwe hakuyapokea haya. Kwake, watoto wa zamani walikula kila kitu na wakakua. Husema hilo ni "tumbo la ukoo", mume wangu naye alikuwa nalo na mbona yupo. Ni kweli mume wangu tumbo humsumbua tangu ujana, na kila akipimwa damu huambiwa imepungua, ila yeye na hospitali ni paka na maji.

Mwezi uliopita tulikwenda kama kawaida. Mwanangu alikula saladi na wali mweupe aliopikiwa kando. Katikati ya meza kulikuwa na kikapu cha mkate wa vitunguu saumu, umefunikwa kitambaa, siagi imepenya mpaka kitambaa kinang'aa. Alikuwa ameketi karibu na bibi yake. Niliona anafuta vidole kwenye suruali, nikafikiri ni mafuta ya saladi.

Saa nne usiku alianza kutapika. Akatapika mpaka hana kitu tumboni. Nilipombana akasema, "Nilikula mkate kidogo tu. Lakini usimwambie Bibi kwamba nimekuambia. Alisema ni siri yetu."

Mshauri, nilipiga simu usiku uleule. Sikumpa salamu. Nilimwambia mama mkwe mengi, na la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Baba mkwe alikuwa na kisukari, na mama alikuwa akimpikia vitamu kwa mapenzi. Nikamwambia: "Na mzee ulimlisha hivihivi mpaka tukamzika." Hakujibu. Simu ilikaa kimya muda, kisha akakata. Wifi yangu alikuwa pale kwake, alisikia yote.

Sasa Jumapili ijayo ndiyo inatimia miaka miwili ya mzee. Mama mkwe hajazungumza nami tangu siku ile. Juzi alimtumia mume wangu ujumbe wa mstari mmoja: "Meza nimeweka ya watu wanane." Hakuna samahani, hakuna anaendeleaje mtoto. Mume wangu anasema twende tu, "tutamchunga". Alisema hivyohivyo mara ya kwanza. Wifi amepeleka habari kwamba nisipomwomba mama radhi nisikanyage. Mimi nataka aniombe yeye kwanza. Nimefikiria nibaki nyumbani na mwanangu, mume aende na binti yetu. Nimefikiria pia tusiende kabisa, mwezi huu wala mwingine.

Je, namlinda mtoto, au nalipiza kisasi?

Mama wa wawili

JIBU

Dada yangu,

Mtu anayelipiza kisasi kwa raha zake haandiki barua mara tatu. Lakini swali lako umelifanya kama lina majibu mawili tu, na mimi naona mama anaweza kumlinda mwanawe kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akawa bado ameshika jiwe. Huenda ndipo ulipo, wala si jambo la ajabu kwa mtu aliyeshika beseni usiku kucha.

Kuna mkate. Kuna siri. Na kuna lile neno kuhusu mzee. Matatu haya yamefungwa fundo moja, na naona Jumapili imekuwa nzito kwa sababu unataka mlo mmoja uyafungue yote.

Nianze na mkate, maana hapo sitaki uyumbe. "Kidogo tu" haipo katika siliaki. Huu si mzio wa kuwasha ngozi, wala si tumbo kukataa chakula fulani. Ni kinga ya mwili yenyewe inayogeuka na kushambulia utumbo mwembamba ikikutana na gluteni, ikivilaza vile vijinyuzi vinavyofyonza chakula. Kipimo cha kimataifa cha chakula kinachoruhusiwa kuitwa kisicho na gluteni ni gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo ya chakula. Ukikiweka kiasi hicho kwenye kiganja utafikiri mkono ni mtupu. Mwanao alitapika ukajua. Wengine hula na hawaoni kitu, na utumbo unaharibika kimya kimya. Kwa hiyo mtu akikwambia "mbona mara ile alikula na hakuumwa", kutoumwa si ushahidi.

Ila hebu simama kidogo mahali alipo mama mkwe. Alimwona mjukuu anakonda. Sasa anamwona amenawiri, anakimbia. Kwa macho yake mtoto amepona, na mtoto aliyepona ananyimwa mkate uliopo mezani. Je, kuna aliyekaa naye akamweleza kwamba kunawiri kwenyewe ndiyo dawa inafanya kazi, na dawa ni kutokula ngano? Umeandika kwamba "hakuyapokea". Hukuandika nani alimweleza, wala siku gani. Na hiyo hoja yake ya zamani, ukweli wake ni huu: mpaka miaka ya 1940 madaktari wenyewe hawakujua kwamba adui ni ngano. Aliyelithibitisha ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, aliyeandika tasnifu yake mwaka 1950. Kabla ya hapo wapo watoto waliodhoofika mpaka wakafa na hakuna aliyejua kwa nini. Kwa hiyo zamani ugonjwa ulikuwepo, jina la sababu yake ndilo halikuwepo.

Sisemi hakujua, basi yaishe. Mtu asiyejua kabisa hafichi. Alimwambia mtoto iwe siri, maana yake sehemu fulani ya moyo wake ilijua kwamba wewe ungekataa. Hilo una haki nalo.

Sasa kuna jambo umelipitisha kama sentensi ya kando, nami limenifanya niisome barua yako mara ya pili. Tumbo la ukoo. Mume ambaye tumbo humsumbua tangu ujana na damu yake imepungua bila sababu kujulikana. Dada yangu, siliaki hurithiwa. Kwa watu kwa jumla inakadiriwa kwa takriban mtu 1 kati ya 100, lakini kwa mzazi, ndugu au mtoto wa mgonjwa inafika karibu 1 kati ya 10, na kupungukiwa madini ya chuma, ambako hupunguza damu, ni moja ya njia ugonjwa huu unazojificha kwa watu wazima. Mimi si daktari wake, na damu hupungua kwa sababu nyingi. Lakini ndugu wa karibu wa mgonjwa hushauriwa kupimwa, hata wasipoumwa, na hiyo ni pamoja na binti yako. Waende wakiwa bado wanakula ngano kama kawaida, kwa sababu aliyeiacha mapema kipimo cha damu kinaweza kumdanganya.

Unaona kwa nini nalileta hapa? Mpaka sasa ugonjwa huu mezani kwenu ni kitu cha mkamwana: mama wa mtoto na masharti yake, na chombo chake cha wali. Mama mkwe anaposema "tumbo la ukoo" anakusudia kukupuuza, lakini bila kujua huenda amesema kweli kuliko nyote. Na mtu wa kumwambia hivyo si wewe, ni mwanawe. Mume wako anasema "tutamchunga", wingi mtamu sana huo, lakini anayechunga ni mmoja. Ukitaka kumwomba kitu wiki hii, sidhani ni kukaa upande wako kwenye ugomvi. Huenda ni safari moja ya kwenda kwa mama yake peke yake, na majibu ya hospitali ya mtoto mkononi, amweleze kama mtoto wake anayezungumzia tumbo lake mwenyewe. Anaweza kukataa. Anaweza kwenda akarudi amekunywa chai tu. Hiyo ni hatari, lakini walau utajua kimya chake kina kina gani.

Kuhusu siri nitasema polepole, kwa sababu ndilo jambo ninaloliogopa kuliko mkate. Mwanao usiku ule alikuwa anatapika huku anamlinda bibi yake dhidi yako. Kisha akakuambia, halafu akasikia simu. Jiulize amejifunza nini: kwamba akisema ukweli watu wazima huvunjana. Mtoto wa miaka 9 atafikia shule, sherehe, safari, mahali ambapo wewe hupo, na kinga yake kubwa itakuwa kusema "nimekula" bila kuhesabu nani ataumia. Kabla ya Jumapili, kaa naye. Mwambie hakufanya kosa kula, wala hakufanya kosa kusema. Mwambie zipo siri nzuri, kama zawadi ambayo bado haijafunguliwa, na lolote linaloingia mwilini mwake haliko katika hizo, hata likitoka kwa mtu anayempenda. Kisha muulize yeye anataka nini Jumapili. Barua yako ni ndefu, nami nimejua wifi anataka nini, mume anataka nini, mama mkwe na wewe pia. Yeye sijamsikia. Watoto wengine wangependa kubaki nyumbani, wengine kinachowauma zaidi ya njaa ni kuonekana tofauti mezani. Usikisie.

Neno ulilomwambia mama kuhusu mzee sitalipamba. Umesema alikaa kimya kisha akakata. Mwanamke anayekata lasanya katikati kila mwezi na kuiacha nusu, unadhani hajawahi kujiuliza swali lile mwenyewe, usiku, peke yake? Kisukari hakiui kwa sababu ya mkono wa mke mmoja, nawe unajua. Ulichukua jambo analoliogopa ukalipa sauti.

Unasema aombe radhi yeye kwanza. Naielewa hesabu hiyo. Swali langu ni kama haya ni madeni mawili au moja. Ukiyafanya moja, kila mtu atasubiri mwenzake alipe, na mzee atatimiza miaka mitatu. Ukiyatenganisha, unaweza kusema "lile la mzee nilikosea, Mama" bila kuongeza "lakini", na la mkate ukaliacha lisimame palepale lilipo, bila kupungua. Hatari ipo: anaweza kulichukua kama ushindi, au wifi akalitangaza hivyo. Utalazimika kuamua kama unaweza kubeba kusomwa vibaya kwa muda. Ukiona huwezi bado, usiombe. Radhi ya kulazimishwa huonekana usoni, na mwanao atakuwa anakutazama.

Basi Jumapili. Mkienda mgahawani, jueni mnaingia wapi. Jiko la Kiitaliano ni jiko la unga, na unga wa piza hupaa hewani ukatua popote. Piza ya unga usio na ngano ikiingia oveni moja na ya ngano, au tambi maalumu zikichemshwa katika maji yaliyopitisha tambi za kawaida, jina zuri kwenye menyu halisaidii. Nyoki, yaani vidonge vya viazi, kwa kawaida huchanganywa na unga wa ngano, mipira ya nyama huwa na chembe za mkate. Risoto ni mchele na polenta ni mahindi, lakini supu zilizopikiwa nazo huhitaji kuulizwa. Mgahawa wenye matawi una faida moja kubwa juu ya ule wa mtu mmoja: mapishi hayabadiliki, na mara nyingi kuna orodha iliyoandikwa ya vilivyomo katika kila sahani. Kasoro yake ni kwamba wahudumu hubadilika na kila tawi lina jiko lake, hivyo orodha inaweza kuwa sahihi na sufuria ikawa chafu. Kupiga simu siku moja kabla, kuzungumza na meneja badala ya kumwita mhudumu mbele ya watu wote, na kwenda saa ambayo jiko halijazidiwa, vyote husaidia. Kikapu cha mkate pia kinaweza kuagizwa kisiletwe. Hilo ni ombi dogo kwa mgahawa, ila mezani kwenu linaweza kuwa tangazo la vita kama mama mkwe atalikuta limeshaamuliwa.

(Kwa wale wanaodhani haya ni mambo ya kujitakia: Italia kwenyewe, nchi ya tambi, sheria ya mwaka 2005 inataka kantini za shule na hospitali zimwandalie mgonjwa wa siliaki mlo wake akiuomba. Hawakuona kama wamelisaliti jiko lao.)

Ukibaki nyumbani na mwanao, hakuna mkate utakaomfikia, na wewe utapumua. Lakini mtoto anaweza kuelewa kwamba ugonjwa wake ndio uliomtoa kwenye kumbukumbu ya babu, na dirishani kutakuwa na viti vitatu vitupu badala ya kimoja. Kutokwenda kabisa, mwezi huu wala mwingine, ni mlango unaofungika haraka kuliko unavyofunguka, ingawa wapo watu niliowaandikia ambao kwao ulikuwa mlango sahihi, kwa sababu upande wa pili waliendelea kulisha kwa siri hata baada ya kuelezwa. Wewe bado hujafika kwenye "baada ya kuelezwa".

Au mnaweza kukutana kabla, wewe na yeye, bila meza. Au mkaenda wote, mtoto akala chakula chake nyumbani na pale akanywa kinywaji tu, akiketi kati yako na baba yake. Au mlo wa kumbukumbu ukahamia kwako, jikoni ambako unajua kila kijiko kilipopita. Hilo la mwisho linaonekana rahisi, lakini fikiria unamwomba mjane aache meza ambayo mumewe aliichagua, tena siku ile ile. Sijui anachokwenda kutafuta pale ni chakula, au ni kile kiti, au yule mhudumu ambaye haondoi sahani. Huenda nawe hujui. Linaulizika.

Ule ujumbe wake umeusoma kama amri isiyo na samahani, na inawezekana ni hivyo. Mimi nimehesabu. Baada ya uliyomwambia, baada ya kimya kile cha simu, na wifi akisema usikanyage, mama huyu alipiga simu mgahawani akaulizwa meza ya watu wangapi. Angeweza kusema saba.

Binti yako naye mpeleke akapimwe, hata kama Jumapili itakwendaje.